Nani Hulipa, Nani Hupona: Rekodi za Maegesho ya Magari Mijini

Adhabu kali kuliko zote zilizowahi kuwekwa kulinda barabara ya mji ni kifo. Mfalme Senakeribu wa Ashuru, yule ambaye wasomaji wa Biblia wanamkumbuka kwa kuihusuru Yerusalemu, aliupanua mji wake wa Ninawi karibu miaka 700 kabla ya Kristo. Akajenga barabara ya kifalme, akasimamisha mawe yenye maandishi kandokando yake, akaamuru kwamba mtu yeyote asiipunguze. Atakayeipunguza atundikwe mtini, juu ya nyumba yake mwenyewe.

Vitabu vingi vya maajabu huitaja amri hiyo kuwa marufuku ya kwanza ya maegesho, vikasimulia kwamba aliyeacha gari lake la farasi hapo aliuawa. Maandishi yenyewe hayasemi hivyo. Yanamtaja mtu anayejenga nyumba na kusogeza msingi wake hadi barabarani. Hata hivyo kosa ni lile lile analolishughulikia askari wa jiji leo asubuhi, yaani mtu mmoja kujimegea kipande cha njia ya wote. Nilipokusanya rekodi hizi za maegesho, nilichotaka kukiona ni hicho: sheria ya njia ya wote humkamata nani, na nani humpita hivi hivi.

Wa kwanza kukamatwa

Mita ya kwanza ya maegesho duniani iliitwa Park-O-Meter, na ilianza kazi Oklahoma City, Marekani, tarehe 16 Julai 1935. Tatizo lililoizaa, mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo analijua. Wafanyakazi wa maofisini walikuwa wakifika asubuhi, wanaacha magari mbele ya maduka mpaka jioni, na mteja mwenye shida ya dakika kumi hana pa kusimama. Carl Magee, mwanasheria na mhariri wa gazeti aliyekuwa kwenye kamati ya usafiri ya wafanyabiashara wa mji huo, akaona dawa ni kuuza muda. Kazi ya kuunda mtambo ikaenda kwa Holger Thuesen na Gerald Hale wa chuo cha jimbo la Oklahoma, nao wakaweka saa ndani ya kichwa cha chuma juu ya nguzo. Unatumbukiza senti 5, unapata saa moja, na muda ukiisha kibendera kinajitokeza kwenye kioo ili askari akione akiwa mbali.

Wenye maduka waliipenda. Madereva wengi waliichukia, kwa hoja ambayo haijazeeka hadi leo: barabara tumeijenga kwa kodi zetu, tunalipishwaje tena kusimama juu yake?

Mwezi uliofuata polisi walimkamata mtu wa kwanza, naye alikuwa mchungaji. Alijitetea kwamba alikuwa ameingia dukani kutafuta chenji ya kutumbukiza kwenye mita. Akasamehewa. London mambo yalikwenda hivyo hivyo. Mita zilifika Grosvenor Square mwezi Julai 1958, na askari wa maegesho wakaingia mitaani Septemba 1960. Tiketi yao ya kwanza, ya pauni 2, waliibandika kwenye gari la daktari aliyekuwa hotelini akimhudumia mtu aliyeshikwa na ugonjwa wa moyo. Watu walikasirika, na daktari akafutiwa.

Sioni ubaya wowote katika misamaha hiyo miwili. Kila mmoja alitoa sababu yake hadharani, mwenye mamlaka akaisikia na kuipima. Shida huanza pale msamaha unapotolewa kwa cheo, bila mtu kuulizwa sababu.

Chuma kinachoogopwa kuliko vyote

Kile kifaa cha kufunga gurudumu, ambacho Nairobi kikitajwa tu dereva anakimbia kuliangalia gari lake, kilibuniwa na mpiga fidla. Frank Marugg alipiga fidla katika okestra ya Denver, na kazi yake nyingine ilikuwa kuchonga vielelezo vya kumiminia chuma kiwandani. Polisi wa Denver walikuwa na kero: walikokota magari ya wadaiwa hadi uani kwao, na wenye magari walipokuja kuyachukua walidai vitu vyao vimeibiwa humo ndani. Marugg akawatengenezea chuma cha kulifunga gari pale pale lilipo. Kilianza kutumika tarehe 5 Januari 1955, yeye akapata hataza mwaka 1958, na kimoja kimehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. London ilianza kukitumia mwaka 1983.

Kilichofuata Uingereza kinafaa kusomwa na kila mwenye kiwanja cha maegesho huku kwetu. Wenye viwanja binafsi walijinunulia vyuma vyao, wakawa wanafunga magari ya watu na kudai fedha papo hapo. Mwaka 1992 mahakama ya Scotland iliamua kwamba mtu binafsi akilifunga gari la mwenzake na kudai malipo ndipo alifungue, huo ni unyang'anyi na wizi. England na Wales zilichelewa mpaka Oktoba 2012 ndipo sheria ikapiga marufuku. Kwa hiyo chuma kile kile mkononi mwa serikali ni utekelezaji wa sheria, na mkononi mwa mwenye kiwanja ni jinai. Naona mahakama ya Scotland iliona mbali. Kumzuia mtu mali yake ni madaraka ya dola, na dola lenyewe linapaswa kuyatumia mbele ya hakimu.

Tiketi nyingi kuliko zote zisizolipwa

Rekodi hii ni ya wanadiplomasia wa New York, na kwangu ndiyo inayofundisha kuliko zote.

Kati ya Novemba 1997 na mwishoni mwa 2002, magari ya balozi za kwenye Umoja wa Mataifa yalirundika tiketi zaidi ya 150,000 ambazo hazikulipwa, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 18. Kinga ya kidiplomasia iliwalinda, kwa hiyo polisi waliandika tiketi na tiketi zikabaki karatasi. Wachumi wawili, Raymond Fisman na Edward Miguel (huyu Miguel ndiye aliyefanya utafiti maarufu wa dawa za minyoo katika shule za Busia, Kenya), waliona hapo jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga. Walikuwapo watu kutoka karibu kila nchi, katika mji mmoja, chini ya sheria moja, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuadhibiwa. Atakayelipa atakuwa amelipa kwa hiari yake.

Kuwait iliongoza, kwa wastani wa zaidi ya tiketi 240 kwa kila mwanadiplomasia kwa mwaka. Ikafuatiwa na Misri, Chad, Sudan, Bulgaria na Msumbiji. Kwa haraka mtu angesema ni shida ya umaskini, lakini Kuwait si maskini. Tena kwenye orodha ya nchi ambazo hazikuwa na tiketi hata moja isiyolipwa, pamoja na Norway, Sweden, Canada na Japani, zipo Oman, Burkina Faso na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Balozi wa Burkina Faso alizunguka mitaa ile ile, akitafuta nafasi katika msongamano ule ule, bila kuacha deni.

Watafiti waliona uhusiano kati ya wingi wa tiketi na sifa ya rushwa ya nchi alikotoka mtu, na hitimisho hilo limenukuliwa sana. Mimi huvutiwa zaidi na kilichotokea Oktoba 2002. Jiji lilipewa ruhusa ya kunyang'anya namba za kidiplomasia za gari lenye tiketi zaidi ya 3 zisizolipwa, na sheria ikaruhusu deni hilo, pamoja na asilimia 10 juu yake, likatwe kwenye misaada ya Marekani kwa nchi husika. Makosa yakaporomoka kwa karibu asilimia 98. Watu walikuwa wale wale, na mila walizotoka nazo makwao hazikubadilika kwa mwezi mmoja.

Marekani nayo ina rekodi yake upande wa pili wa bahari. Kwenye hesabu zilizotolewa London mwaka 2024, balozi zilikuwa zikidaiwa jumla ya pauni milioni 143.5 za tozo ya kuingiza gari katikati ya jiji. Ubalozi wa Marekani uliongoza kwa pauni milioni 14.6, na wa pili ulikuwa wa Japani, nchi ile ile iliyokuwa safi kabisa New York. Hoja ya wanaokataa ni kwamba tozo hiyo ni kodi, na wanadiplomasia hawatozwi kodi. Japani ile ile imekuwa mfano bora mji huu na mdaiwa sugu mji ule. Ndiyo maana nasita mtu anaponiambia kuna mataifa ya watu waungwana barabarani na mataifa ya watu wakorofi.

Mji unaovuna zaidi

New York hukusanya zaidi ya dola milioni 500 kwa mwaka kutokana na faini za maegesho. Humo zimo faini za kusimama karibu na bomba la zimamoto, ambalo lazima uliachie nafasi ya futi 15, yaani mita 4 na nusu. Mwaka 2014 mchambuzi wa takwimu Ben Wellington alipekua data za wazi za jiji hilo na kukuta mabomba mawili ya mtaa mmoja wa Manhattan yaliyokuwa yakiingiza zaidi ya dola 55,000 kwa mwaka. Kati ya bomba na magari palikuwa na njia ya baiskeli, na mahali pa kuegesha palionekana halali kabisa kwa macho. Madereva walinaswa kila siku. Habari ilipoenea, jiji lilipatengeneza. Mahali panapowanasa watu wengi namna hiyo pana kasoro ya alama, na kasoro ya alama ni ya aliyeiweka.

Wako pia wenye punguzo. Kampuni kubwa za kusambaza mizigo New York zimekuwa na mpango na jiji: zinaahidi kutopinga tiketi, na zenyewe zinapunguziwa faini, nyingine hadi sifuri. Jiji linaokoa gharama za mahakama, hilo naelewa. Lakini mama mwenye gari moja, aliyesimama kumshusha mtoto mgonjwa, anaandikiwa kiwango kamili.

Upole wa New York uko kwenye kalenda. Tangu 1950 mji huo umekuwa na utaratibu wa kuhamisha magari upande mmoja wa mtaa kwa saa chache ili mafagio yapite, na utaratibu huo husimamishwa kwenye sikukuu za dini nyingi, zikiwamo Idd el-Fitr na Idd el-Hajj.

Deni kubwa la gari moja

Chicago, mwaka 2012, mwanamke mmoja alifika mahakamani kulalamikia deni la dola 105,761.80. Lilitokana na tiketi 678, zote za gari moja la Chevrolet lililokuwa limetelekezwa kwenye maegesho ya wafanyakazi wa uwanja wa ndege wa O'Hare tangu 2009. Kwa maelezo yake, gari hilo lilinunuliwa na aliyekuwa mpenzi wake kwa dola 600 na kuandikishwa kwa jina lake yeye. Kila askari aliyepita aliandika tiketi mpya na kuliacha hapo hapo. Kwa miaka karibu 3 hakuna aliyelikokota. Mwaka uliofuata jiji lilikubali lilipwe dola 4,470 yaishe.

Ukiigawanya kesi hiyo utakuta ndani yake kasoro mbili kubwa za utekelezaji. Ya kwanza, tiketi iliandikwa kwa ajili ya kuhesabiwa, kwa sababu kama shida ilikuwa nafasi, tiketi ya tano tu ingetosha kuliita gari la kukokota. Ya pili, deni lilifuata jina la kwenye kadi ya gari. Wanunuzi wa magari ya mkononi Dar es Salaam waishike vizuri hiyo ya pili. Tangu TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ihamishie malipo ya maegesho kwenye mfumo wa kielektroniki, mtoza ushuru aliyevaa kizibao anaingiza namba ya gari kwenye simu yake na kuondoka. Kibandiko cha karatasi si lazima ukione. Ada inakaa kwenye namba ya gari ikisubiri kulipwa kwa namba ya kumbukumbu. Anayekagua injini, tairi na bodi kabla ya kununua, aulizie na deni la namba hiyo.

Chicago hiyo hiyo ina rekodi nyingine, ya kusikitisha. Mwaka 2012 faini ya kutokuwa na kibandiko cha ada ya mwaka cha jiji ilipandishwa kutoka dola 120 hadi 200. Waandishi wa ProPublica walionyesha mwaka 2018 kwamba madeni ya tiketi yalikuwa yamewasukuma maelfu ya madereva, wengi wao Weusi wa mitaa ya kipato cha chini, kwenda kuomba kufilisiwa mahakamani ili wasinyang'anywe magari yanayowapeleka kazini. Mwaka 2019 jiji lilianza kurekebisha sheria zake za madeni.

Biashara mbaya kuliko zote

Bado tuko Chicago. Desemba 2008 baraza la jiji lilipitisha, kwa kura 40 dhidi ya 5 na ndani ya siku chache tu tangu mkataba utangazwe, kukodisha mita zake zote 36,000 kwa miaka 75. Waliochukua ni kampuni ya wawekezaji wakiongozwa na Morgan Stanley, kwa dola bilioni 1.15. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji alikadiria kwamba lilikuwa limepunjwa karibu dola milioni 974. Mita za mitaani zilizokuwa senti 25 kwa saa zikapanda hadi dola 1. Wawekezaji wamekwisha kurudisha fedha zao zote na faida juu, na mkataba umebakiza zaidi ya nusu karne.

Kipengele kinachouma zaidi ni cha fidia. Jiji likifunga mtaa kwa ajili ya tamasha, likichimba barabara, au likiondoa nafasi za magari ili kuweka njia ya baiskeli, linahesabiwa na kumlipa mwekezaji. Kwa maneno mengine, wazazi walioketi siku ile waliwafunga mikono wajukuu wao wasiweze kuupanga mji wao wenyewe. Halmashauri yoyote ya Afrika Mashariki inayoletewa mzabuni wa maegesho mwenye fedha taslimu mkononi ingesoma kwanza mkataba huo. Dubai ilipouza hisa za kampuni yake ya maegesho, Parkin, Machi 2024, iliuza asilimia 24.99 tu na kubaki na zilizosalia. Maombi ya wanunuzi yalizidi hisa zilizokuwapo mara 165.

Ugumu wa kumiliki gari

Tokyo ni miongoni mwa mabingwa. Sheria ya Japani ya 1962 inamtaka mwenye gari athibitishe ana mahali pa kuliweka kabla hajaliandikisha. Unachora ramani ya sehemu yako na vipimo vyake, unaipeleka kituo cha polisi cha eneo, na wao wanakwenda kuhakiki. Sehemu hiyo isizidi kilomita 2 kutoka unapoishi. Huwezi pia kuliacha gari barabarani mahali pamoja kwa muda unaozidi saa 8 nyakati za usiku. Anayetembea mitaa midogo ya Tokyo huona kitu ambacho miji mingine mikubwa imekisahau: barabara tupu kando zote mbili, watoto wakienda shule kwa miguu. Kati ya sheria zote zilizomo humu, hii ndiyo ninayoitamani. Inamkuta mtu kabla hajanunua, tajiri na maskini, wala haimsubiri akosee ndipo imvune.

Bei ya maegesho ina rekodi yake Hong Kong, ambako nafasi moja ya gari katika jengo la Mount Nicholson iliuzwa mwaka 2021 kwa karibu dola milioni 1.3 za Marekani.

Mzunguko mrefu kuliko wote

Profesa Donald Shoup wa Los Angeles, aliyefariki Februari 2025, alitumia maisha yake kuhesabu kitu ambacho wengine hawakukiona: magari yanayozunguka yakitafuta pa kusimama. Katika kitongoji cha Westwood, chenye vitalu 15 tu, alikadiria kwamba kuzunguka huko kulifikia maili 950,000 kwa mwaka, kama kilomita milioni moja na nusu, sawa na kuizunguka dunia mara 38. Nafasi za barabarani zilikuwa rahisi kuliko za gereji, kwa hiyo kila dereva aliona afadhali azunguke. Ushauri wake ulikuwa kwamba bei ipangwe hadi kila mtaa ubaki na nafasi moja au mbili wazi, na fedha zirudi kutengeneza mtaa ule ule zilikokusanywa. Sharti la pili husahaulika sana. Anayelipa maegesho halafu akakanyaga shimo lile lile na kuruka mfereji ule ule wa maji machafu, akisita kulipa tena, ukimwita mkwepaji huna haki.

Paris ilichukua njia ya uzito. Tarehe 4 Februari 2024 wapiga kura waliulizwa kama magari mazito ya wageni yalipishwe mara tatu. Walioitikia ni chini ya asilimia 6 ya waliojiandikisha, na ndiyo ikashinda kwa karibu asilimia 54.5. Tangu Oktoba mwaka huo, gari la mafuta la tani 1.6 au zaidi hulipa euro 18 kwa saa katikati ya mji, na euro 225 kwa saa 6.

Faini ya huruma na alama ya chaki

Mji wa Lexington, Kentucky, umekuwa ukiwaruhusu wenye tiketi kulipa kwa chakula msimu wa mwisho wa mwaka: makopo 10 hupunguza dola 15, na makopo hayo hupelekwa kwa wenye njaa. Gold Coast, Australia, wafanyabiashara walioogopa kwamba mita mpya zitafukuza watalii walianza mwaka 1965 kuwatuma wasichana waliovalia mavazi ya rangi ya dhahabu kutumbukiza sarafu kwenye mita zilizokwisha muda, ili mgeni akirudi asikute tiketi. Marekani, mjini Keene, New Hampshire, vijana waliofanya vivyo hivyo walishtakiwa na jiji, nao wakashinda.

Kesi kubwa kuliko zote iliyotokana na kitu kidogo ni ya Saginaw, Michigan. Askari wa maegesho huko alikuwa akichora alama ya chaki kwenye tairi, akirudi baada ya saa kadhaa na kuikuta haijasogea anaandika tiketi. Mwanamke mmoja aliandikiwa tiketi 15 kwa miaka 3, zote na askari mmoja. Akaenda mahakamani akadai kwamba kuligusa gari lake bila sababu ya kumshuku ni upekuzi, na Katiba ya Marekani inakataza upekuzi usio na msingi. Aprili 2019 mahakama ya rufaa ilimkubalia. Mwaka 2022 mahakama nyingine ya rufaa, ikisikiliza kesi ya San Diego, iliona kinyume chake: chaki ni njia halali ya kuhakikisha nafasi inazunguka kwa wote. Hivyo kwa sasa mstari huo mdogo mweupe ni uvunjaji wa Katiba ukiwa Michigan, na ni kazi halali ya askari ukiwa California.